Mwenye Kovu Usidhani Kapoa
Maoni ya Tume ya Haki na Amani juu ya fataki za mitaani





Kila mwaka, usiku wa tarehe 31 Desemba, makanisa yetu hujaa watu. Tunamshukuru Mungu kwa mwaka unaokwisha, tunawakumbuka marehemu wetu, na saa sita usiku kengele inapogongwa tunapeana mikono na kutakiana heri. Siku inayoanza saa hiyo ni Sherehe ya Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Tena, tangu mwaka 1968, kwa matakwa ya Papa Paulo wa Sita, tarehe 1 Januari ni Siku ya Kuombea Amani Duniani. Lakini hapa kwetu Dar es Salaam, kabla padre hajamaliza kutoa baraka, nje mlipuko wa kwanza huwa umekwisha kusikika. Hufuata wa pili, wa kumi, wa hamsini. Siku ya amani huanza kwa sauti inayofanana na sauti ya vita.

Maoni haya hayakuandikwa kwa nia ya kuwalaumu wanaofurahi. Furaha ni haki ya kila binadamu, na maskini, ambaye siku zake za furaha ni chache, anaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Tunataka kuuliza swali moja tu la haki: je, ni halali furaha ya mmoja kugeuka kuwa hofu ya mwingine, pasipo huyo mwingine kuulizwa wala kuarifiwa?

1. Tuliyoyasikia katika Jumuiya

Si vema Tume ya Haki na Amani itoe maoni kabla ya kusikiliza. Kwa hiyo tuliziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za parokia yetu zilizungumze jambo hili katika vikao vyao vya juma. Tulidhani kwamba ni jambo dogo, litachukua dakika chache baada ya Neno la Mungu. Haikuwa hivyo. Kikao kimoja kilichoanza saa kumi na moja jioni kiliendelea mpaka taa zikawashwa, na bado watu walikuwa wakinyosha mikono.

Vijana walisema kwa uwazi, na tunawashukuru kwa hilo. Walisema kwamba mwaka mzima wanahesabiwa kuwa wahuni, wakikaa kijiweni wanafukuzwa, wakiimba wanaambiwa wanapiga kelele. Usiku huo mmoja ndio wanaohisi kwamba mtaa ni wao pia. Kijana mmoja alisema jambo ambalo hatukuweza kulijibu haraka: kwamba hoteli kubwa za ufukoni hupiga fataki za fedha nyingi na watu wakasifu uzuri wake, lakini wao wakichanga fedha kidogo kununua paketi moja wanaitwa wavunja amani. Katika malalamiko hayo ipo haki, nasi tutairudia.

Akina mama walisema mengine. Mmoja alikuwa amejifungua siku tisa kabla ya mwaka mpya. Alieleza jinsi kichanga kilivyoshtuka kwa kila mlipuko, kikarusha mikono, kikalia mpaka sauti ikakauka, naye hakuwa na mahali pa kukipeleka kwa kuwa kila upande palikuwa na mlio. Mama ntilie mmoja alituonyesha turubai la kibanda chake lililotobolewa na cheche katika sehemu tatu. Mlinzi wa usiku alisema kwamba wezi nao wanaijua kalenda: saa fataki zinapolia ndiyo saa ya kuvunja kufuli, kwa sababu hakuna atakayesikia, na hata mlio wa bunduki hautofautiani na furaha ya jirani. Mzee mmoja mwenye shinikizo la damu alisema kwamba kelele zenyewe hazimsumbui sana. Kinachomsumbua ni kutojua zitakwisha lini. Hukaa kitandani akingojea mlipuko ufuatao, na kungojea huko ndiko kunakomchosha moyo.

Mama mwingine alikaa kimya mpaka mwisho. Kikao kilipokuwa kinataka kufungwa kwa sala, alisema kwa sauti ya chini kwamba mwaka 2011 alikuwa akiishi Gongo la Mboto. Tangu wakati huo, kila usiku wa kuamkia mwaka mpya, yeye hulala amevaa viatu, na viatu vya watoto huviweka mlangoni, jozi kwa jozi. Wanajumuiya wenzake, ambao wamesali naye kwa miaka mingi, hawakuwa wanalijua jambo hilo. Mmoja wao alikiri kwamba ni mwanawe ndiye aliyekuwa akiwasha fataki karibu na dirisha la mama huyo.

2. Jiji lenye kumbukumbu

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Jiji letu lina makovu, na vijana wetu wengi hawakuwapo yalipotokea, au walikuwa wadogo mno kuyakumbuka. Ni wajibu wetu kuwasimulia.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, na watu 11 wakapoteza maisha. Siku hiyo hiyo, mjini Nairobi, waliuawa zaidi ya watu 200. Tarehe 29 Aprili 2009, mchana, ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala lililipuka. Mabomu yaliruka yakaanguka katika makazi ya watu. Zaidi ya watu 20 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilibomoka. Haikupita miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, yakatokea yale yale Gongo la Mboto. Mara hii ilikuwa gizani. Zaidi ya watu 20 walikufa, kiwanja cha ndege kilifungwa kwa muda, maelfu ya watu walikimbia kwa miguu pasipo kujua waendako, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Watu waliokimbia usiku ule hawajahama wote. Wengi bado wanaishi Mbagala, Gongo la Mboto, Ukonga, Temeke na mitaa mingine ya jiji. Tunapanga nao foleni ya maji, tunapanda nao daladala, tunapokea nao Ekaristi. Pamoja nao wapo ndugu waliokimbia vita vya Burundi na vya Kongo, ambao walijifunza tangu utoto kwamba ukisikia mlio unalala chini kwanza, ndipo unauliza.

Wataalamu wa afya ya akili wanatueleza kwamba mtu aliyepatwa na tishio la namna hiyo hahitaji kukumbuka kwa hiari. Mwili wake unakumbuka kabla ya akili. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, miguu inataka kukimbia, hata kama akili inajua kwamba leo ni mwaka mpya. Kwa hiyo si haki kumwambia mtu kama huyo, "Acha woga, ni fataki tu." Yeye naye anajua ni fataki. Mwili wake ndio haujui.

3. Anayewasha na anayesikia

Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo lenyewe. Anayewasha fataki anajua kila kitu: anajua ni nini, anajua ni saa ngapi, anajua kwamba hakuna hatari, na anajua ni ngapi zimebaki katika paketi. Anayesikia hajui chochote. Hajui kama ni fataki, bunduki, transfoma ya umeme au mtungi wa gesi. Mmoja anakipokea kishindo akiwa amejiandaa, mwingine kinamkuta amelala. Kwa sababu hiyo sauti ile ile ni wimbo kwa huyu na ni tishio kwa yule. Ndiyo maana ya ule usemi kwamba mzaha wa paka kwa panya ni mauti.

Mtume Paulo alikutana na suala linalofanana na hili huko Korintho. Wapo Wakristo waliokula nyama zilizotolewa kwa sanamu, nao walikuwa na hoja nzuri: sanamu si kitu, kwa hiyo nyama ni nyama tu. Paulo hakuikataa hoja yao. Lakini aliwaonya kwamba uhuru wao unaweza kuwa kikwazo kwa ndugu aliye dhaifu, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa tayari kuacha kula nyama kuliko kumwangusha ndugu yake. Tuangalie alivyolipima jambo. Hakuuliza tu, "Je, ninayo haki?" Aliuliza pia, "Haki yangu inampata nani?"

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha hayo hayo katika hati ya mwaka 1965 ambayo jina lake kwa Kilatini, Gaudium et Spes, maana yake ni Furaha na Matumaini. Inafaa tukumbuke kwamba hati hiyo inapoanza kuitaja furaha ya watu, hapo hapo inataja pia uchungu wao, hasa uchungu wa maskini na wanaoteseka. Nayo inapoeleza manufaa ya wote, haisemi manufaa ya walio wengi. Inasema juu ya mazingira ya maisha ya jamii yanayomwezesha kila mtu na kila kundi kufikia utimilifu wake. Kama katika mtaa wa nyumba mia watu wa nyumba tisini wanafurahi na wa kumi wanatetemeka chini ya vitanda, hayo si manufaa ya wote.

Wengine watatuambia, "Ni usiku mmoja tu, wavumilie." Laiti ungekuwa mmoja. Fataki sasa zinapigwa Krismasi, mwaka mpya, katika harusi na "send-off", katika mahafali, na katika ushindi wa timu za mpira. Kwa anayekaa karibu na ukumbi wa sherehe, hakuna Jumamosi iliyo na hakika ya usingizi. Tena, hata kama ungekuwa usiku mmoja, uvumilivu ni zawadi ambayo jirani hutoa kwa hiari baada ya kuombwa. Uvumilivu usioombwa ni mzigo tu.

4. Hatari yenyewe ni ya kweli

Tusidhani pia kwamba hofu hii ni ya masikio peke yake. Ndani ya fataki mna baruti, yaani mchanganyiko wa shura, kiberiti cha unga na makaa, na chembechembe za madini yanayotoa rangi: shaba hutoa buluu, bari hutoa kijani, stronti hutoa nyekundu. Ni moto uliofungwa katika karatasi. Ukifunguka vibaya, unachukua vidole, unachukua jicho, unachukua paa. Na mitaa yetu tunaifahamu: nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, gari la zimamoto haliwezi kupita, maji ya bomba hayana uhakika, na mitungi ya gesi imepangwa nje ya maduka. Mtoto wa miaka minane anayepewa fataki ashike mkononi amekabidhiwa kitu ambacho hata mzazi wake hajui kukizima.

Hata sauti yenyewe ina mpaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 juu ya kelele katika makazi ya watu, lilishauri kwamba mshindo wa ghafla usizidi kilele cha desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Fataki kubwa inayolipuka karibu na mtu inaweza kuivuka mipaka hiyo.

Yaliyotokea kwingine yatufumbue macho. Tarehe 13 Mei 2000, katika mji wa Enschede huko Uholanzi, ghala la fataki lililokuwa katikati ya makazi ya watu lilishika moto na kulipuka. Watu 23 walikufa, miongoni mwao wazimamoto wanne. Karibu 950 walijeruhiwa, na mamia ya nyumba yaliharibika kabisa. Nchi ile ni tajiri, ina wakaguzi na ina magari ya zimamoto, lakini fataki zilizohifadhiwa kando ya vitanda vya watu hazikuujali utajiri huo. Mwaka 2025 bunge la nchi hiyo hiyo, ambayo wananchi wake wamezoea kwa miaka mingi kupiga fataki mitaani usiku wa mwaka mpya, lilipitisha sheria ya kuwakataza watu binafsi kuzitumia.

Karibu na kwetu, mjini Kampala, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu walijazana kwenye njia moja ya jengo la maduka wakienda kutazama fataki. Walikanyagana, na watu wasiopungua 9 wakafa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Hao hawakuuawa na baruti. Waliuawa na furaha ambayo haikupangwa.

5. Sheria ipo, jirani yuko karibu zaidi

Nchi yetu haikosi sheria. Tunayo Sheria ya Baruti tangu mwaka 1963. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inagusa pia suala la kelele. Kila mwisho wa mwaka Jeshi la Polisi hutukumbusha kwamba fataki hazipigwi bila kibali na kwamba kuchoma matairi barabarani ni kosa. Hata hivyo kila mwaka tangazo linasomwa redioni asubuhi, na usiku milio inasikika kama kawaida.

Hatupendi kuona jambo hili likiachiwa polisi peke yao, kwa sababu mbili. Kwanza, sheria inayomkamata kijana wa kichochoroni na kumpita mwenye ukumbi mkubwa haitajenga amani, bali itaongeza uchungu. Kama kibali ni cha lazima, basi kiwe cha lazima kwa wote, na njia ya kukipata ifahamike na mtu wa kawaida. Hapo tunamwunga mkono yule kijana wa kikao chetu. Pili, polisi huja baada ya mlio. Jirani yuko pale kabla ya kiberiti kuwashwa. Jambo hili, katika sehemu yake kubwa, linaweza kumalizwa mlangoni mwa nyumba, kwa hodi na kwa maneno mawili ya heshima.

Wala hatusemi kwamba fataki zenyewe ni dhambi. Ndugu zetu wa Zanzibar, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, huadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964 kwa fashifashi. Siku inajulikana, saa inajulikana, mahali panajulikana, na wapo wenye dhamana wanaozisimamia. Mama mwenye kichanga anaweza kujiandaa. Mgonjwa anaweza kupelekwa kwa ndugu wa mbali. Anayependa kutazama anakwenda, asiyependa anakaa, na baada ya muda yamekwisha. Tofauti kati ya sherehe na fujo haipo katika ukubwa wa mlio. Ipo katika kuarifiana.

6. Tuanzie nyumbani kwetu

Itakuwa unafiki tukiwahubiria vijana na kujiacha sisi wenyewe. Katika vikao vile tulijifunza kwamba sehemu kubwa ya fataki za mwaka mzima hununuliwa na kamati za harusi, na kamati hizo ni zetu. Waliofunga ndoa altareni mchana ndio hao hao ambao usiku, kwa michango yetu, huwaamsha wagonjwa wa mtaa mzima wakati wa kukata keki. Wajumbe wa halmashauri za walei wamekaa meza ya mbele wakipiga makofi. Nani kati yetu aliwahi kuuliza ni nani anayelala nyuma ya ukuta wa ukumbi?

Tena tufikirie gharama. Fedha zinazoteketea hewani kwa dakika tatu zingeweza kulipia dawa za mzee wa Jumuiya au sare za mtoto yatima. Hatusemi kwamba kila shilingi ya sherehe ni shilingi iliyoibwa kwa maskini. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, na divai haikukosekana. Lakini kule Kana furaha iliongezwa pasipo mtu yeyote kutishwa.

Mababu zetu hawakukosa namna ya kushangilia. Tunazo ngoma, tunavyo vigelegele, tunazo kengele na kwaya. Navyo vina kelele, hatukatai, navyo vinahitaji kiasi. Lakini kigelegele kina sura ya mtu: anayekisikia anajua papo hapo kwamba jirani amepata heri. Hakuna aliyewahi kulala amevaa viatu kwa kuogopa kigelegele.

7. Tunayopendekeza

Baada ya kusikiliza pande zote, tunapendekeza mambo yafuatayo kwa parokia, vigango na Jumuiya zote.

(a) Kila Jumuiya, katika majuma ya Majilio, itembelee nyumba za eneo lake, za Wakristo na za wasio Wakristo, na kuuliza kwa upole kama yupo mgonjwa, mzazi mwenye kichanga, mzee, au mtu anayeteswa na milio kwa sababu ya mambo yaliyompata. Majina yasitangazwe. Inatosha wanaowasha wajue kwamba katika kichochoro kile hapapigwi kitu.

(b) Viongozi wa walei waende pamoja na vijana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kwa polisi, kuomba kibali cha mahali pamoja palipo wazi, mbali na nyumba, hospitali na vituo vya mafuta. Fataki zipigwe hapo kwa muda mfupi uliotangazwa, chini ya mtu mzima anayejua kazi hiyo, maji na mchanga vikiwa karibu. Vijana wasiitwe tu kupewa amri. Wao ndio wawe kamati.

(c) Tangazo lisomwe kanisani Dominika mbili kabla, na wenzetu Waislamu waombwe kuwaarifu watu wao pia, kwa kuwa mlipuko hauulizi dini ya mtu.

(d) Kamati za harusi za waamini wetu ziache fataki katika kumbi zilizo katikati ya makazi. Mapadre na makatekista walitaje jambo hili katika mafundisho ya ndoa, kama sehemu ya upendo kwa jirani.

(e) Asiwepo mtoto anayenunuliwa au kutumwa fataki. Wenye maduka walio waamini wasiwauzie watoto, na wasihifadhi bidhaa hiyo katika vyumba ambamo watu wanalala.

(f) Usiku wa mkesha, saa sita inapotimia, kabla ya kengele kugongwa, tukae kimya kwa dakika moja kanisani, tukiwaombea waliokufa Mbagala na Gongo la Mboto na wote ambao masikio yao bado yanasikia siku zile.

Nabii Eliya alimngojea Mungu mlimani. Ulipita upepo mkali, likapita tetemeko, ukapita moto, na Mungu hakuwamo. Alikuja katika sauti ndogo ya utulivu. Pengine nasi, mwaka mpya unapoingia, tumekuwa tukifanya kishindo kikubwa kiasi kwamba sauti ile inapita tusiisikie, pamoja na sauti ya jirani anayelia ndani.

Yule mama aliyekiri kwamba mwanawe ndiye aliyewasha fataki dirishani alikwenda nyumbani akamwita kijana wake, akamsimulia habari za viatu. Kesho yake kijana alikwenda mwenyewe kubisha hodi kwa jirani. Hatukuambiwa walizungumza nini, wala si kazi yetu kuuliza. Tunachojua ni kwamba hakuna askari aliyeitwa, wala faini iliyotozwa, na kichochoro kile sasa kina mtu anayejua nani analala nyuma ya dirisha lile. Amani tunayoiombea kila tarehe 1 Januari inaanzia hapo.

Maswali ya kuzungumza katika Jumuiya

1. Katika eneo letu, ni akina nani wanaoumizwa na milio ya fataki, nasi tumewahi kuwauliza?

2. Vijana wetu wanazo njia gani nyingine za kufurahi ambazo sisi watu wazima tumewafungia?

3. Je, yapo mambo mengine, kama muziki wa usiku, vipaza sauti, au hata mikesha yetu wenyewe, ambayo kwetu ni furaha na kwa jirani ni mateso?

4. Ni hatua gani moja ambayo Jumuiya yetu itaichukua kabla ya Krismasi ijayo, na ni nani atakayeisimamia?